Ardhi ya umma kwa bustani za chakula: mkataba kwanza, jembe baadaye

Kiwanja kilichokaa wazi miaka kumi hakikukaa wazi bure. Ama kinangoja barabara, ama chini yake limepita bomba, ama kina kesi mahakamani, ama udongo wake ni kifusi cha karakana iliyobomolewa. Kikundi kinachotaka kulima kwenye ardhi ya umma kianzie hapo: kwa nini hapa pamebaki wazi? Msipopata jibu mapema, mtalipata baada ya kufyeka, kutifua na kutia samadi, likija katika sura ya notisi ya siku thelathini huku mboga zikiwa bado changa.

Kuna namna mbili za kulima kwenye ardhi isiyo yenu. Ya kwanza ni vipande: eneo hugawanywa, kila kaya hupata kipande chake, hulipia kodi ya mwaka na kuvuna peke yake. Ya pili ni bustani ya pamoja: matuta ni ya wote, kazi ni ya zamu, mavuno hugawanywa. Maeneo mengi huchanganya zote mbili. Amueni kabla ya kuonana na mwenye ardhi, maana vipande vinadai eneo kubwa na mabomba mengi, na bustani ya pamoja inaweza kukaa hata kwenye kona ya uwanja wa shule.

Ardhi ni ya nani hasa

"Ni ya serikali" si jibu. Ardhi ya umma ina mwenyewe: idara ya barabara, mamlaka ya maji, shule, hospitali, shirika la reli, idara ya bustani na viwanja vya michezo. Na idara mbili za halmashauri moja zinaweza kuwa na mipango miwili juu ya kiwanja kilekile bila kuambizana.

Chukueni futi kamba, pimeni mipaka, chora ramani ndogo yenye vipimo, njia ya kuingilia na chochote kilichosimama humo. Nendeni nayo ofisi ya ardhi mkapate namba ya kiwanja na jina la mmiliki. Kisha ofisi ya mipango miji, mkaulize eneo limetengwa kwa matumizi gani na kama kuna mradi wowote juu yake. Kisha wenye mabomba ya maji, gesi, maji taka na nyaya za umeme. Majibu yote yawe ya maandishi. Swali linalosahaulika ni hili: nani ana mamlaka ya kutia saini? Afisa mchangamfu anayewaambia "anzeni tu" mara nyingi hana, na ruhusa yake ya mdomo huondoka naye siku anapohamishwa.

Kabla ya kuandika barua ya kuomba hisani, angalieni kama mnayo haki. Zipo nchi ambako hili ni suala la sheria. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1908, wapiga kura 6 au walipa kodi 6 wa eneo wakiandika kwamba vipande vinahitajika, halmashauri inalazimika kulizingatia ombi lao. Scotland, sheria ya mwaka 2015 imekwenda mbali zaidi: halmashauri ichukue hatua ili orodha ya wanaosubiri isizidi nusu ya idadi ya vipande vilivyopo, na mtu asikae orodhani zaidi ya miaka 5 mfululizo. Ujerumani ina sheria ya vipande ya mwaka 1983, yenye ukomo wa mita za mraba 400 kwa kipande na 24 kwa kibanda, ukumbi wake uliofunikwa ukiwemo ndani ya hesabu hiyo.

Tazameni sheria ya Scotland inavyotegemea idadi ya majina. Hata mahali pasipo na sheria kama hiyo, orodha ya wanaosubiri ndiyo silaha ya kikundi. Ianzisheni leo, kabla ya kuwa na ardhi. Iwe na jina, mtaa anaoishi mtu, tarehe aliyojiandikisha, saini, na ukubwa wa kipande anachotaka. Majina 40 yenye tarehe na saini yana uzito kuliko picha 400 za watu wakishangilia mkutanoni. Kila mwaka waulizeni walioorodheshwa kama bado wanataka. Orodha yenye waliohama na waliokufa humpa mwenye ardhi sababu ya kuitupa.

Kukagua eneo

Jua ni rahisi. Nendeni asubuhi, adhuhuri na alasiri, mweke alama mahali kivuli kinapofika. Nyanya, pilipili na maboga wanataka saa sita za jua la moja kwa moja kwa siku, na zaidi ni bora. Mboga za majani huvumilia saa nne. Kumbukeni kuwa mahali palipo mbali na ikweta kivuli cha ukuta hurefuka sana msimu wa baridi. Angalieni pia kama lori linaweza kuingia, kwa sababu samadi na mboji haviji kwa toroli.

Maji ndiyo yanayoua bustani nyingi, tena kwa sababu watu hawapigi hesabu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mboga katika wiki kavu huhitaji takriban milimita 25, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Kipande cha mita za mraba 50 kikishatolewa vijia hubaki na matuta ya mita za mraba kama 35, nayo hunywa lita 875 kwa wiki. Kwa keni ya kumwagilia ya lita 10 hizo ni keni 88. Bomba likiwa umbali wa mita 50 na mtu akibeba keni mbili kwa pamoja, atatembea kilomita 4.4 kila wiki, nusu yake akiwa amebeba kilo 20. Hatatembea. Wiki ya tatu mboga zitakauka na wiki ya sita kipande kitakuwa pori. Kwa hiyo hakuna kipande kitakachokuwa zaidi ya mita 25 au 30 kutoka kwenye bomba au pipa.

Eneo la vipande 28 vya ukubwa huo litataka lita 24,500 kwa wiki ya kiangazi. Maji ya mvua kutoka paa la kibanda hayatatosha, msijidanganye: paa la mita za mraba 30 likinyeshewa milimita 20 hutoa lita 600, ukiondoa yanayopotea ni kama 500. Yatafaa kuoteshea miche na kunawia mikono. Chanzo kikuu kiwe bomba lenye mita yake, kisima kilichopimwa, au mto wenye kibali cha kuchota. Matandazo ya nyasi kavu au majani yenye unene wa sentimita 5 hadi 7 hupunguza sana ukaukaji. Hilo ndilo punguzo la bei rahisi kuliko yote.

Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, mbali na uzito wake lenyewe. Likiwekwa juu ya udongo usioshindiliwa litainama mvua ya kwanza, na koki itang'oka. Likiinuliwa mita moja litajaza keni na kuendesha mirija ya matone ya msukumo mdogo, ila halitarusha maji kwa mpira. Na mpira wa bomba usiachwe ncha yake imezama ndani ya pipa: msukumo ukikatika, maji ya pipa hunyonywa kurudi kwenye bomba la kunywa la mtaa mzima. Fungeni valvu ya kuzuia maji kurudi. Mamlaka nyingi za maji hazitawaunganishia bila hiyo.

Udongo

Anzeni na historia. Ramani za zamani, picha za angani na wazee wa mtaa watawaambia kama palikuwa na kituo cha mafuta, karakana, kiwanda cha ngozi, dampo au nyumba zilizopakwa rangi ya zamani yenye madini ya risasi. Kisha pimeni, hata historia ikiwa safi.

Gawanyeni eneo kwa sehemu zinazofanana: palipoinuka, palipo bondeni, karibu na barabara, karibu na ukuta wa zamani. Katika kila sehemu chukueni udongo mahali 10 hadi 15 kwa kina cha sentimita 20, changanyeni kwenye ndoo safi ya plastiki, kausheni kivulini, na mpeleke nusu kilo maabara. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki hupotosha majibu ya zinki. Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya udongo wa sehemu chafu na wa sehemu safi: wastani utaonekana mzuri, na kona yenye sumu itafichika ndani yake. Ombeni vipimo vya risasi, kadimiamu, aseniki na uchachu. Palipokuwa na mafuta, ongezeni kipimo chake.

Viwango vinavyokubalika hutofautiana kati ya nchi na nchi, navyo hubadilika. Marekani, shirika la kulinda mazingira la EPA lilishusha mwaka 2024 kiwango cha uchunguzi wa risasi katika udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo. Kwa hiyo jibu la "salama" lililoandikwa miaka kumi iliyopita lisomwe upya.

Risasi haipandi sana kwenye tunda. Hatari kubwa ni vumbi linaloshika kwenye majani na udongo unaoganda kwenye mizizi, na mikono ya watoto. Ndiyo maana udongo wenye risasi kidogo unaweza kulimwa nyanya na maharagwe, ukifunikwa matandazo, lakini karoti na saladi ziwekwe kwenye matuta ya kuinua yenye udongo ulioletwa. Uchachu ukipunguzwa kwa chokaa hadi pH (kipimo cha uchachu) ya karibu 6.5 au 7, kadimiamu inayochukuliwa na mimea hupungua. Pakiwa pachafu sana, achaneni napo. Kuna viwanja vingine.

Matuta ya kuinua yana hesabu yake ambayo huwapiga watu chenga. Tuta la mita 1.2 kwa 2.4 lenye kina cha sentimita 30 humeza mita za ujazo 0.86. Matuta 40 ni karibu mita za ujazo 35, malori kadhaa, na mboji hiyo itashuka kwa sehemu inayoonekana mwaka wa kwanza ikihitaji kujaziwa. Mbao za zamani za reli zimelowekwa kreosoti, dawa ya lami ya kuhifadhi mbao, na baadhi ya mbao kuukuu zilizotiwa dawa zina aseniki. Zote mbili zisitumike.

Mkichimba shimo la sentimita 30 kwa 30, mlijaze maji, mliache liishe, kisha mlijaze tena na kupima, maji yanapaswa kushuka sentimita 2 hadi 5 kwa saa. Yakishuka chini ya sentimita moja, kuna gamba gumu chini au mfinyanzi mtupu, na mizizi itaoza msimu wa mvua.

Mkataba

Hapa ndipo pa kutumia muda wenu. Kikundi kiwe na katiba fupi, kiandikishwe kadiri sheria ya kwenu inavyotaka, kiwe na akaunti yenye watia saini wawili wasio wa nyumba moja. Mwenye ardhi hawezi kuingia mkataba na "wananchi".

Muda: msikubali chini ya miaka 5, na muombe 10 au zaidi. Mwaka wa kwanza wote huishia kwenye udongo, uzio na maji. Mti wa matunda wa kubebesha huanza kuzaa vizuri mwaka wa tatu au wa tano. Wafadhili wengi nao huuliza muda uliobaki kabla ya kulipia bomba. Mkipewa mwaka mmoja mmoja na hamna njia nyingine, limeni kwa kile kinachohamishika: makasha, mapipa yaliyokatwa, magunia, tangi la plastiki. Msichimbe msingi wa kitu chochote.

Notisi: Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1922 ilivyorekebishwa mwaka 1950, notisi ya kumtoa mlimaji wa kipande ni miezi 12 au zaidi, na lazima iishe tarehe 6 Aprili au kabla, au tarehe 29 Septemba au baada yake, ili asiondolewe mazao yakiwa yamesimama. Fuateni mantiki hiyohiyo kwa misimu ya kwenu: andikeni kuwa mkataba utakoma baada ya mavuno na kabla ya kupanda, wala si tarehe iliyookotwa tu. Ongezeni kifungu cha fidia ya mazao na cha kuondoka na vitu mlivyojenga.

Someni neno kwa neno sehemu inayosema ardhi imetolewa kwa namna gani. Huko huko Uingereza, ardhi ambayo halmashauri iliinunua au kuitenga rasmi kwa ajili ya vipande haiwezi kuuzwa bila idhini ya waziri, kwa sheria ya mwaka 1925. Jirani yake iliyotolewa "kwa muda" haina ulinzi huo, ingawa kwa macho ni bustani zilezile. Neno moja ndilo tofauti. Mjini New York, bustani nyingi za jamii zilianzishwa miaka ya 1970 kwenye viwanja vilivyotelekezwa, kwa vibali vya muda. Mwaka 1999 zaidi ya 100 kati yake zilipangiwa mnada na serikali ya jiji, zikanusurika kwa kununuliwa na mashirika ya hifadhi. Miaka ishirini ya samadi haikuwa imezaa haki yoyote ya ardhi.

Vifungu vingine vya kutokosa: nani analipa ankara ya maji, nani anakata miti mikubwa iliyopo, bima ya madhara kwa watu wengine, ruhusa ya kuweka kibanda na uzio, ruhusa ya kuuza ziada au katazo lake, na nani anawajibika ikigundulika sumu ya zamani ardhini. Hicho cha mwisho msikubali kubebeshwa. Pigeni picha za eneo lote siku ya kukabidhiwa, zitiwe saini na pande zote mbili.

Kugawa vipande

Kwenye eneo la mita 50 kwa 40, yaani mita za mraba 2,000, vijia, mboji, kibanda, maji na maegesho ya toroli vitachukua robo hadi theluthi. Zikibaki 1,400 mnapata vipande 28 vya mita 5 kwa 10. Kipande cha kawaida cha Uingereza ni kama mita za mraba 250, na watu hukitaja kana kwamba ni lazima. Kwa anayeanza na ana kazi nyingine ni kikubwa mno. Atalima robo na magugu yatalima iliyobaki. Mpeni 50, akikitunza misimu miwili aongezewe.

Pembe mraba hupatikana kwa kamba na vijiti vitatu. Piga kijiti cha kwanza kwenye kona. Pima mita 3 kufuata mpaka, piga cha pili. Pima mita 4 kuelekea upande wa pili, na msogeze kijiti cha tatu mpaka umbali kati ya cha pili na cha tatu uwe mita 5 kamili. Kona hiyo sasa ni mraba. Msipofanya hivyo, kosa la sentimita chache kwenye kona ya kwanza huwa mita nzima kwenye kipande cha mwisho, na ugomvi wa mipaka utaanza kabla ya mbegu kuota.

Njia kuu iwe na upana wa mita 1.5 au zaidi ili toroli na kiti cha magurudumu vipite. Vijia vya kati sentimita 60. Tuta lisizidi mita 1.2 kama linafikiwa pande zote mbili, sentimita 60 kama ni upande mmoja. Anayelima akiwa ameketi anahitaji tuta lenye kimo cha sentimita 60 hadi 75. Tandazeni maboksi ya karatasi kwenye njia, juu yake chipsi za mbao sentimita 10. Palipo na ndago au nyasi za mizizi mirefu msipitishe trekta: kila kipande cha mzizi kilichokatwa huota upya. Funikeni kwa turubai jeusi msimu mzima, kisha mng'oe kwa mkono na jembe uma kinachobaki.

Samadi ya bure ijaribiwe kabla ya kumwagwa. Kuna dawa za magugu za malishoni, aminopiralidi ikiwa mojawapo, zinazopita tumboni mwa ng'ombe na farasi bila kuharibika na kubaki kwenye kinyesi kwa miezi, hata baada ya kuoza. Chukua vyungu sita. Vitatu jaza udongo safi nusu na samadi iliyooza nusu, vitatu udongo safi peke yake. Panda maharagwe matatu kila chungu, mwagilia sawasawa, ngoja wiki tatu au nne. Majani ya juu yakijikunja kama kikombe na shina likijipinda kwenye vyungu vya samadi tu, mrudishie mwenye ng'ombe mzigo wake. Lori moja la samadi hiyo laweza kuharibu nyanya za kila kipande kwa zaidi ya msimu mmoja.

Kanuni za kukaa pamoja

Ziwe chache na ziwe na tarehe. Kodi ilipwe kwa mwaka, kabla ya msimu, kwa risiti. Ankara ya maji igawanywe kwa mita za mraba. Ikigawanywa kwa vichwa, mwenye kipande kidogo atalalamika na atakuwa na haki. Funguo ziwe na namba. Wekeni pia kiwango cha kulima: Ujerumani mahakama kuu iliamua mwaka 2004 kuwa angalau theluthi ya eneo iwe ya mboga na matunda, la sivyo bustani hugeuka viwanja vya viti na majani ya mapambo.

Kipande kilichoachwa ndicho kitakachowagombanisha kuliko kitu chochote. Mkague mara tatu kwa msimu, watu wawili, wakiwa na fomu moja na kamera. Kikiwa hakijalimwa, barua ya kwanza itoe siku 28 na iulize kama kuna ugonjwa au msiba. Jibu likiwa ndiyo, jirani akitunze na mwenyewe abaki na haki yake. Siku 28 zikipita kimya, barua ya pili itoe 14. Baada ya hapo kinarudi kwa kikundi, kinafunikwa turubai siku hiyohiyo, na anapigiwa simu wa kwanza kwenye orodha, awe ni nani. Mwenyekiti akimpa shemeji yake kipande kimoja tu nje ya orodha, mwenye ardhi atasikia kabla ya wiki kuisha.